Mashine ya Mlango wa Nyuma

"Mu Likasi muzima," alisema Assani, akijipiga kifua, "muntu wa kuniuzisha kintu kibaya bado hajazaliwa. Mama yake mwenyewe bado hajaolewa."

Alitamka hayo Jumamosi asubuhi kwenye baraza ya nyumba yake, kule mtaa wa Panda, huku mkewe Mwanvua akipanga dola sitini juu ya paja, na sisi majirani, ambao hatukualikwa, tukimsaidia kuzipanga kwa macho. Kufika alasiri ya siku hiyohiyo Assani alikuwa amelala kifudifudi kando ya reli, mdomo umejaa mchanga na damu, na vijana juu yake wanabishana nani aende kununua petroli.

Lakini tusikimbie. Petroli itafika yenyewe.

Chumba cha mbele cha Assani kilikuwa sinema ya mtaa: mabenchi manne, televisheni moja, pazia jeusi dirishani. Wachimbaji wa shaba walikuja na vumbi lao kutazama mpira. Akina mama walileta diski zao za harusi, maana majumbani mashine za diski zilikuwa zimekufa zamani, wakalipa franga mia tatu kujiona walivyokuwa wembamba. Kisha mashine ya Assani nayo ikafa, katikati ya harusi ya mtu, bwana harusi akiwa amefungua mdomo kupokea keki. Kwa wiki tatu mdomo ule ukabaki wazi na mfuko wa Assani ukafungwa. Vijana wakahamia ng'ambo ya barabara, kwa mtu aliyekuwa anaonyesha video za mtandao moja kwa moja, bila diski.

Kwa hiyo ilitakiwa mashine yenye midomo miwili: mmoja wa kumeza diski za akina mama, mwingine wa kukamata wifi yenyewe kwa ajili ya vijana. Na iwe ya bei ya masikini. Dola sitini zile zilikuwa za Mwanvua, za mikate aliyokaanga tangu mwezi wa kwanza, na hazikuwa na ndugu wa kuzifuata.

Kuna jambo moja zaidi la kujua kabla Assani na Mwanvua hawajatoka kwenda dukani. Mama Hortense, mjane muuza bikwembe, yaani vitenge, alikuwa na mashine ya diski, lecteur, iliyo hai. Assani alikwenda kuiazima. Alipiga hodi vizuri, akasalimia vizuri, na Mama Hortense akamfukuza mbele ya wateja: "Lecteur yangu haiko chumvi ya kuomba kwa jirani!" Siku sita baadaye watu wanne waliingia kwake na nondo. Walimvunja mkono, wakamfunga mpwa wake Numbi kwa waya wa umeme mpaka waya ukaingia nyamani, wakabeba televisheni, wakabeba mashine, wakabeba bikwembe. Tangu hapo vijana wa mtaa walikaa njiani na fimbo. Ukipita na kitu chochote cha umeme, unaonyesha facture, yaani karatasi ya duka yenye muhuri. Huna facture, unajieleza. Na kujieleza mbele ya fimbo si kazi ya kila mtu.

Duka lilikuwa mjini, nyuma ya soko, limejaa vitu vilivyotumika Ulaya vikachoka: feni, pasi, friji zenye picha zilizobandikwa na watoto wa Kizungu ambao sasa labda wana ndevu. Muuzaji aliitwa Jean-Claude, kijana wa manukato mengi. Mwenye duka alikuwa amekwenda Lubumbashi, na Jean-Claude alikuwa amekalia kiti chake kama vile amekirithi.

"Papa, karibu. Mama, usiguse ile. Asante."

"Natafuta lecteur," alisema Assani. "Ya diski. Lakini wifi ikuwe ndani yake mwenyewe, ikamate video ya internet bila kusaidiwa."

Jean-Claude akapanga mashine tatu mezani.

"Hii, dola makumi mbili na tano. Mupya."

"Iko na wifi?"

"Wifi haina. Lakini iko na taa ya bleu."

"Taa ya bleu nitaangaria mpira ndani yake?" Assani akaisukuma. "Na hii?"

"Mia moja na kumi."

Assani hakuigusa. Aliitazama tu kwa heshima, kama unavyotazama msafara wa gavana ukipita.

"Na hii ya tatu?"

Ya tatu ilikuwa nyeusi, nyembamba, mgongo umekwaruzwa, rimoti yake haina mfuniko na betri zimefungwa kwa utepe. Assani akachomoa mfukoni diski ya harusi ya dada yake, iliyochakaa kama sufuria ya bukari, ugali wetu. Hakuna mashine iliyowahi kuimaliza diski ile. Hii iliimeza, ikanguruma kidogo, ikamtoa dada mzima, na shela yake, na wajomba wake walevi, bila kukwama hata mara moja.

"Sasa wifi," alisema Mwanvua.

Jean-Claude akacheka. "Mama naye anajua wifi?"

"Minye njo nitalipa. Onyesha."

Mwanvua akawasha mtandao kwenye simu yake mwenyewe. Mashine ikatafuta, ikalipata jina la simu, ikaomba neno la siri. Mwanvua akaliandika herufi moja moja kwa ile rimoti ya kufungwafungwa, huku muuzaji akihema ili ajue anamchosha. Kisha kioo cha televisheni ya duka kikafunguka, mwanamke mmoja wa nchi ya mbali akawa anakaanga samaki, na mafuta yakasikika yakilia. Mwanvua akaiweka rimoti chini taratibu. Ilikuwa ndiyo yenyewe.

"Bei?" aliuliza Assani.

"Makumi tano na munane. Na facture, na muhuri, na katoni, na garantie ya mwezi moja." Jean-Claude akaangalia mlangoni, akainama. "Mais patron haiko. Bila facture, makumi ine. Inatokea ku mulango ya nyuma."

"Lipa ya facture," alisema Mwanvua.

"Dola kumi na munane juu ya karatasi?" Assani alishtuka kama aliyechomwa. "Karatasi itaonyesha filme?"

"Papa Chadia," alisema Mwanvua, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "unajua vile quartier yetu iko. Unajua mambo ya Mama Hortense."

"Mama Hortense ni Mama Hortense. Minye ni Assani! Nani ataniuliza facture mu Panda? Bote bamekaa ku benchi yangu." Akahesabu kwa vidole. "Dola kumi na munane: tunanunua mega za internet za mwezi muzima. Tunanunua unga. Na leo, Mwanvua, leo tunakula samaki ya ziwa ya Tshangalele, mubichi, na nyanya."

Hapo ndipo Mwanvua alipoteleza, na yeye mwenyewe hafichi. Wiki tatu walikuwa wanakula bukari na majani. Mwanamke wa kwenye kioo alikuwa bado anageuza samaki wake. Mwanvua akameza mate, akatoa dola arobaini, na zilizobaki akampa mumewe azitie mfukoni.

"Na katoni?" aliuliza.

"Katoni iko na namba ya facture," alisema Jean-Claude. "Haina facture, haina katoni. Haina katoni, hatukuonana."

Mwanvua akafungua kikwembe chake cha juu, akabaki na cha chini, akaifunga mashine ndani yake. Waya ukabaki unaning'inia nje kama mkia.

Walitoka kwa mlango wa nyuma, wakanunua samaki wawili wanene, wakarudi kwa miguu ili kuokoa nauli ya pikipiki. Assani alibeba mashine begani. Njia nzima alikuwa anajisifu, na Mwanvua, akiwa na samaki kwenye mfuko, alikuwa anamwacha ajisifu. Miaka kumi na saba ya ndoa, alijua furaha ya mume haiji kila siku ya Mungu.

Pale njia inapovuka reli kuna ukuta wa matofali wa zamani, na chini yake Mama Arlette huuza makala, yaani makaa ya kupikia, kwa mafungu. Siku ile vijana sita saba walikuwa wamekaa kivulini, Numbi akiwa katikati, mikono yake ina vidonda viwili vya mviringo mahali waya ulipopita. Assani alipita na mzigo wake, mkia wa waya ukimpigapiga mgongoni.

Ndipo sauti moja ikatoka juu ya ukuta. Sauti tu. Mtaa una sauti nyingi, huwezi kuziandikisha zote.

"Eh, Papa Assani! Mama Hortense alikunyima, njo ukaenda kujipatia mwenyewe?"

Watu wakacheka. Assani naye akacheka. Numbi hakucheka. Alisimama, akapangusa suruali, akaja mpaka katikati ya njia.

"Fungua."

"Nifungue nini, mutoto?"

"Kikwembe. Fungua tuone."

"Ni lecteur yangu. Nimetoka kuinunua sasa hivi."

"Facture iko wapi?"

"Weye ni muntu wa douane, wa ushuru?"

"Papa Assani, nakuuliza facture na heshima."

Mwanvua alimvuta mumewe shati. Assani angesema tu, "Turudi dukani pamoja." Angesema, "Mwite shangazi yako aje aione." Lakini kulikuwa na watu wanaotazama, na tangu asubuhi Assani alikuwa amejipandisha juu sana, na hakukuwa na ngazi.

"Kwenda uliza mama yako," alisema, kwa sauti ya kumfikia kila mtu, "kama balimupatia facture siku alikuzaa!"

Vijana wakapiga kelele ya furaha. Numbi akarudi hatua moja, kana kwamba anaondoka, kisha akamrushia kichwa usoni. Pua ya Assani ilivunjika kwa mlio ambao Mwanvua aliusikia kabla hajaelewa ni wa nini. Mashine ikaanguka. Kikwembe kikafunguka.

"Ni ile!" mtu akalia. "Ni ile ya Mama Hortense! Mwizi!"

Wengi wa waliolia "ni ile" hawakuwahi kuingia kwa Mama Hortense hata kuomba maji.

Assani alimrudishia Numbi ngumi moja, nzuri, ya mdomoni. Ndiyo iliyomaliza mazungumzo. Mkanda ukatoka kiunoni mwa mtu, na ncha yake ya chuma ikamkata Assani juu ya jicho. Tofali likampata mgongoni, akapiga magoti. Mwanamke aliyekuja kununua makala alivua kiatu, akampiga kisigino utosini, akakivaa tena. Mwalimu mmoja aliyekuwa anapita na madaftari kwapani aliuliza, "Amefanya nini?" na kabla hajajibiwa akampiga teke la mbavu, akarudi nyuma kusubiri jibu. Watu walikuwa wanatoka vichochoroni wakikimbia, wanaogopa kuchelewa.

Mwanvua alijilaza juu ya mumewe. Wakamshika misuko ya nywele wakamvuta pembeni, goti lake likichora mstari mchangani. Samaki walikuwa wametoka kwenye mfuko na kila mtu alikuwa anawakanyaga.

"Tumeinunua! Mu duka! Ku mji! Bamama, munanijua! Mikate munakulaka ya nani?"

"Mwizi anakulaka mikate pia," mtu alimjibu.

Numbi aliinua mkono, na kwa kitambo kidogo fimbo zikasimama. Midomo yake ilikuwa inavuja damu. Alikuwa na miaka ishirini, na wiki moja nyuma watu wazima walimfunga kama mbuzi mbele ya shangazi yake, akasikia mfupa wa shangazi unavunjika asiweze hata kupiga kelele.

"Mama Chadia," alisema, "kama ni yenu, lete facture. Tunangoja. Lakini kimbia. Hawa bantu habana subira."

Mwendesha pikipiki mmoja alikubali kumbeba bila nauli, kwa sharti kwamba asimpake damu kitini. Mwanvua alifika dukani pekupeku, kikwembe kimoja mwilini, nywele za upande mmoja zimeng'olewa. Dukani kulikuwa na wateja wawili wanapima pasi.

"Facture," alisema. "Ya lecteur. Niandikie, banamuua bwana yangu."

Jean-Claude akawatazama wateja kwanza, kisha yeye. "Mama, samahani. Tulionana leo?"

"Baba, usinifanye hivi."

"Unanichomea kazi. Sema polepole."

Mwanvua akapiga magoti. Wateja wakageukia pasi zao kwa bidii. Kioo cha duka kilikuwa kimeungwa kwenye mashine nyingine, mwanamke wa samaki hayupo. Sasa kulikuwa na watu wanacheza ngoma.

"Banamupiga na matofali, unasikia? Banasema ameiba. Andika!"

"Facture ni kumi na munane. Unajua bei, nilikuambia mbele ya bwana yako."

"Franga iko mu mufuko yake! Yeye mwenyewe iko chini ya miguu ya bantu!"

"Sasa minye nitamwambia patron nini?"

Mwanvua akatoa simu, akaiweka mezani. Jean-Claude akaigeuza, akaiangalia nyuma, akapitisha ukucha kwenye kioo.

"Iko na ufa."

"Chukua."

"Namba ya siri?"

Akampa. Muuzaji akaijaribu kwanza, akaona inafunguka. Ndipo akavuta kitabu cha facture, akatafuta karatasi kaboni, akaipanga sawasawa chini ya ukurasa, akajaribu kalamu kwenye kiganja.

"Jina ya mununuzi?"

"Assani."

"Na S moja ao mbili?"

"Andika, kwa jina ya Mungu!"

"Mama, facture ni kintu ya Serikali. Tukikosea herufi moja, haina maana." Akaandika mbili. Akaandika tarehe. Akaandika rangi ya mashine. Akaandika bei, hamsini na nane, kwa tarakimu, kisha kwa maneno, akipiga mstari chini. Muhuri ukakataa, kidau cha wino kilikuwa kimekauka. Jean-Claude akakipulizia, hah, hah, akakitemea mate kidogo, akagonga. Ikatoka nusu. Akagonga tena.

Mwanvua aliinyakua kabla hajaikunja.

Watu walikuwa wameongezeka mara tatu. Hawakuwa wamengoja. Assani alikuwa amelala kifudifudi, mkono mmoja umegeukia mahali mikono haigeukii, na upande mmoja wa uso wake haukuwa na umbo la uso. Tairi kuukuu lilikuwa limeletwa, limelazwa karibu naye. Kijana mmoja alikuwa anarudi na petroli kwenye chupa ya maji ya kunywa, anaibeba kwa vidole viwili ili asichafue shati.

"Facture!" Mwanvua alipenya kwa viwiko. "Facture njo hii! Angaria! Muhuri! Soma jina!"

Numbi akaipokea. Kwa sekunde chache alisoma kweli, midomo yake ikitembea, na Mwanvua aliona kitu kinalegea usoni pake, kama mtu aliyetamani kuamini. Kisha kidole gumba cha Numbi kikapita juu ya muhuri. Muhuri ukafuata kidole. Mstari wa buluu ukavutika mpaka ukingoni mwa karatasi.

"Wino iko maji," alisema.

"Imeandikwa sasa hivi, ndiyo, tulikuwa hatu..."

"Imeandikwa sasa hivi! Bantu, musikie! Mwenyewe anasema imeandikwa sasa hivi!"

Mwanvua alipigwa kofi na mtu ambaye hata leo hamjui. Numbi alikunja facture kama donge la bukari, akainama, akamfungua Assani taya, akaisokomeza ndani.

"Kula facture yako."

Chupa ikafunguliwa. Mwanvua anasema harufu ile ndiyo iliyomwondolea sauti. Alifungua mdomo na hakikutoka kitu.

Kilichotoka kilikuwa honi ya pikipiki. Ilikuja moja kwa moja ndani ya watu, haikupunguza mwendo, wakaruka huku na huku. Aliyeketi nyuma kabisa alikuwa Mama Arlette, mweusi wa makala mpaka kwenye viwiko. Fimbo zilipoanza alikuwa ameacha mafungu yake yote bila mlinzi akakimbia. Na katikati, amebanwa kama gunia, mkono kwenye bandeji ngumu, taya limevimba, alikuwa Mama Hortense mwenyewe, ambaye daktari alikuwa amemkataza kutoka kitandani.

Alishuka kwa shida. Hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa kila mtu alitaka mtu mwingine amsaidie. Alikwenda kwa kijana mwenye chupa, akampokonya kwa mkono wake mzima, akaimwaga mchangani, yote, mpaka tone la mwisho, huku akimtazama machoni.

"Shangazi, tumemukamata," alisema Numbi. "Na lecteur yako."

"Iko wapi? Niione."

Numbi akageuka. Wote wakageuka. Kikwembe cha Mwanvua hakikuwepo. Mashine haikuwepo. Rimoti yenye utepe haikuwepo. Kwenye mchanga kulikuwa na samaki wawili bapa.

"Nimeuliza," alisema Mama Hortense. Taya lilimfanya atafune kila neno. "Mwizi amelala hapa. Lecteur yenyewe imetembea na miguu yake?"

"Ilikuwa hapa, shangazi. Fulani aliishika juu..."

"Fulani nani?"

Hakuna aliyekuwa fulani.

"Bale balinivunja mukono, niliwaona sura, bote bane. Huyu hakukuwa. Huyu alikuja kwangu mara moja tu, akapiga hodi, akaniamukia, akaomba, nikamutukana." Akamtazama mpwa wake. "Na weye sasa? Nitakuita nini?"

Aliinua mkono kumpiga, ukabaki hewani, akaushusha. Numbi alikuwa anaangalia kidole chake chenye wino.

Basi ungeona ajabu. Watu mia na zaidi, na ghafla kila mmoja alikuwa mpita njia. Mwalimu alikuwa anaokota madaftari yake. Mwanamke wa kiatu alikuwa anauliza bei ya makala kwa mtu asiyekuwepo. Tairi lilibaki, maana tairi halijui aibu. Na hakuna hata mmoja aliyembeba Assani. Walimbeba wanawake watatu, Mwanvua, Arlette, na Hortense wa mkono mmoja, mpaka kwenye gari la mtu aliyedai kwanza waweke gunia chini.

Jicho la kushoto halikurudi. Sikio la upande huo linasikia kama linaota. Mkono umeunga vibaya, hawezi kuinua bakuli. Mfukoni dola zote za chenji hazikuwepo, ni wazi. Simu Jean-Claude hakuirudisha, na mwenye duka aliporudi kutoka Lubumbashi alisema yeye hajui mlango wa nyuma wowote. Facture, ndiyo, ipo. Muuguzi aliitoa kooni mwa Assani kwa koleo ndogo, akaianika. Kwa hiyo sasa nyumba ile ina facture bila mashine.

Mabenchi bado yapo. Jumamosi alasiri tunakwenda kukaa, kwa mazoea, na kwa kuwa kioo ni kitupu, anayesimulia ni mimi. Nasimulia vizuri, si kujisifu. Nikifika kwa Jean-Claude anayekitemea kidau mate, watu wanashika mbavu. Nikifika kwenye tairi, wananyamaza wote, mpaka unasikia Mwanvua anakaanga mikate nyuma. Hata Assani, kwenye kiti chake cha plastiki, kitambaa jichoni, hutabasamu kwa upande unaoweza.

Jumamosi iliyopita Mama Arlette alileta makala. Alikuwa hajawahi kunisikia nikisimulia. Alisimama mlangoni na gunia kichwani mpaka nikamaliza, watu wakapiga makofi, kisha akalitua.

"Souleymane. Rudia pale."

"Pale wapi, Mama Arlette?"

"Pa ukuta."

"Nilisema sauti moja ilitoka juu ya ukuta."

"Ya nani?"

"Nani atajua? Bantu balikuwa mingi."

"Hapana. Ule wakati balikuwa bado bachache. Juu ya ukuta kulikuwa muntu moja. Alikuwa ameniomba gunia tupu ya kukalia, sababu tofali zilikuwa na moto. Alisema ile maneno, akacheka wa kwanza. Na bantu balipoanza kupiga, akashuka upande wa nyuma, akakimbia, na gunia yangu akaiacha." Hakupandisha sauti. "Nilikuwa chini yako, Souleymane. Miguu yako ilikuwa karibu na kichwa yangu."

Niligeukia benchi la rafiki zangu. Waliangalia kioo, ingawa kioo hakikuwa na kitu.

"Ilikuwa masihara," nilisema. "Mama Arlette, kila muntu anajua minye ni muntu wa masihara. Hata Papa Assani alicheka. Si alicheka?"

Mwanvua alikuwa ametokea kwenye mlango wa nyuma na beseni la maji ya moto, ya kumwosha mumewe jicho. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

Assani alianza kugeuka. Siku hizi hawezi kukutupia jicho tu. Ni lazima alete kichwa chote, na bega, na kiti. Alinitafuta mpaka akanipata.

"Souley," alisema, taratibu, bila hasira. "Sema tena, vile ulisema siku ile. Na sauti ile ile. Nataka nisikie kama inachekesha."

Mwanvua akaweka beseni chini, akaketi benchi la mbele, akaningoja.